Kichujio cha Jumatatu

Saa mbili asubuhi, na jua halijaamka.
Halitaamka leo, wala keshokutwa;
liliagana nasi mwanzoni mwa Desemba.
Ufunguo wa kibanda umeganda.
Naupulizia pumzi hadi ukubali,
na humo ndani, pampu inavuta.

Imevuta wiki nzima, haikuchagua:
moshi wa sauna ya akina Sverloff,
vumbi la barabara, joto la kulungu zizini,
kikohozi changu cha Ijumaa,
vyote imevipitisha kwenye kitambaa kimoja
cha nyuzi za kioo, kilichoingia cheupe
na sasa ni kijivu kama soksi ya mtoto wa shule.

Naandika tarehe. Nyuzi hasi thelathini na moja.
Mita za ujazo elfu tisini na mbili.
Halafu jina langu, Taimi,
kwa penseli, maana wino nao umeganda.

Kisha ni kungoja.
Hewa mbichi ina kelele.
Radoni ya mwambani huacha watoto kwenye vumbi,
watoto wenye pupa, wapige mayowe, wafe,
na mashine haisikii kitu mpaka wanyamaze.
Ndipo wapole wanasikika:
berili iliyoshuka kutoka juu sana,
risasi ya kale,
na sesiamu, mgonjwa anayekohoa chumba cha pili,
masalia ya Aprili ile.

Aprili ile nilikuwa na miaka sita.
Mama alichelewa kuanua nguo,
mvua ikazikuta kambani, akacheka,
nami nikalamba matone kwenye shuka.
Redioni walikuwa wanapiga tango.

Majira ya kuchinja yalipofika,
Oudekki alipeleka nyama ya kulungu wake kupimwa,
akarudi na karatasi yenye muhuri.
Hakuisoma.
Aliichoma kwenye msumari wa chooni.

Hadi leo, kila Jumatatu,
hunisimamia na pikipiki yake ya theluji, injini ikinguruma.
"Kuna nini?"
"Hakuna."
"Hakuna kabisa, au hakuna kidogo?"
Na mimi, mwenye cheti ukutani,
sijawahi kumjibu vizuri.

Februari moja, Riikka wa maabara alipiga simu.
"Taimi, ulivaa glavu mpya?"
Nilivaa.
"Ulipita hospitalini?"
Sikupita.
Nilisikia kiti chake kikilia, kule kusini.
"Basi ni iodini."

Iodini haina habari za kale.
Siku nane, inabaki nusu;
nane nyingine, nusu ya nusu.
Kwa hiyo mahali fulani, majuzi tu,
kuna mtu alifungua kitu
au alisahau kukifunga.
Kilikuwa kidogo, kisingemdhuru hata sisimizi,
lakini kilikuwa.

Tuliuliza majirani wote.
Kila mmoja alijibu kwa barua yenye adabu: si sisi.
Riikka aliurudisha upepo nyuma kwenye ramani,
saa kwa saa, siku kwa siku,
mpaka mistari ikatawanyika kama nywele kwenye maji
na kuishia baharini, ambako hakuna wa kuulizwa.

Lisemwalo lipo, hunena wahenga.
Wangenilipa mshahara
kwa ajili ya lile lisilosemwa.

Jumatatu iliyofuata kitambaa kilikuwa kimya.
"Kuna nini?" akauliza Oudekki.
"Kulikuwa."
"Cha nani?"
"Hakina mwenyewe."

Akazima injini.
Miaka yote hiyo sikuwahi kumwona akiizima.
Theluji ikasikika, na pampu, na mbwa wa mbali.
Akavua skafu, akavuta hewa polepole,
akaiweka kinywani
kama mtu anayeonja supu nyumbani kwa watu.

"Haina ladha," akasema.

"Haina," nikasema,
nikaingia kuweka kitambaa kipya.